Mbwa Aliyeitwa Mtachoka

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa moto kwa jirani pale nilipomchukua mbwa aliyekataliwa na kijiji kizima. Wapo wanaokikumbuka kisa hicho kwa namna nyingine. Hata sasa, nikirudi Kiranjeranje wakati wa likizo, hakosi mtu mzima wa kunishika mkono na kuniuliza, huku akicheka, kama bado nafuga majini. Sina haja ya kukisimulia kwa namna yao. Nitakisimulia kama kilivyokuwa, kwa maana nilikuwa na akili zangu timamu, nilijua ninachokifanya, na leo hii ningekifanya tena.

Wakati ule tulikuwa wageni Kiranjeranje, katika kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara iendayo Lindi. Kwetu hasa ni Namikulo, kitongoji cha ndani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, penye mikorosho aliyoipanda babu na kaburi la babu mwenyewe katikati ya mikorosho hiyo. Tuliambiwa kwamba watu waliotawanyika hawawezi kufikishiwa shule, zahanati wala maji, na kwamba wakikaa pamoja watavipata vyote. Shule tuliipata; sikatai, maana ndiyo iliyonifundisha kuandika haya. Lakini siku ya kuhama, lori lilikuwa moja na nyumba zilikuwa nyingi. Vilipakiwa vinu, mikeka, kuku waliofungwa miguu, na wazee wasioweza kutembea. Mbwa hawakupakiwa.

Namikulo ikawa mahame, na mbwa wakabaki mahame. Mahame si pori. Porini hapakukaa mtu. Mahame ni pale ambapo mafiga yangali yamepangwa na hakuna wa kuyakokea moto. Mbwa walizilinda nyumba zile tupu kwa muda, kisha njaa ikawashinda. Wakaanza kutokea kijijini mmoja mmoja, wamekonda, wakinusa milango na kuwatafuta wenyewe. Hofu ya kichaa cha mbwa ikaingia. Uongozi ukatoa amri wakamatwe, wafungiwe katika banda lililojengwa kwa ajili ya kuku wa kijiji, ambao hawakuwa wamefika bado na ambao, kwa taarifa ya msomaji, hawakufika kamwe. Bwana mifugo angekuja kutoka wilayani. Mbwa atakayetambuliwa na mwenyewe angechomwa sindano na kurudishwa nyumbani. Asiye na mwenyewe angeuawa.

Siku aliyokuja bwana mifugo, watoto wote tulikuwa pale kabla yake. Wazee waliingia, wakawaita mbwa wao kwa majina, mbwa wakatoka wakitikisa mikia hadi viuno. Mwishowe akabaki mmoja. Alikuwa amekaa pembeni, ameuelekea ukuta, na kwa mara ya kwanza nikaona mbwa asiye na manyoya. Mgongo wote ulikuwa ngozi tupu, ya kijivu, yenye magamba na mikunjo. Masikio yalikuwa yameota ukoko. Alijikuna kwa mguu wa nyuma mpaka damu ikatoka, akapumzika, akajikuna tena, kama mtu anayetimiza kazi aliyopewa.

"Huyu kavuliwa kanzu!" akapiga kelele mmoja wa wenzangu.

"Kanzu gani? Huyu kavuliwa na ngozi!"

"Mtazameni, kama kitumbua kilichoungua!"

Bwana mifugo, kijana wa bara aliyevaa viatu vya mpira, aliuacha mlango wazi na kuuliza, "Huyu ni wa nani?" Hakujibiwa. Nikachutama mlangoni, nikasema, "Njoo." Sikuwa na sababu nyingine ila kwamba hakuna aliyekuwa amemwambia neno hilo. Yule mbwa aligeuka, akaja taratibu, akanikalia juu ya mguu. Sisemi kando ya mguu. Juu yake, kwa uzito wake wote, kama kwamba mguu wangu ulikuwa mkeka.

Hapo kicheko kikaripuka kwa wenzangu. "Kapata mume! Hamisi kaolewa na jini!" Nikawageukia kwa hasira, na kwa sauti yote niliyokuwa nayo nikawaambia, "Mtachoka!"

Maana yangu ilikuwa kwamba watachoka kucheka. Lakini bwana mifugo, aliyekuwa ameinamia sindano zake, alinyanyua kichwa.

"Mtachoka. Jina zuri," akasema. "Basi ni wako. Mshike kichwa, nimchome."

Ndivyo mbwa alivyopata jina na mimi nilivyopata mbwa. Ningeweza kumsahihisha. Sikumsahihisha, kwa sababu niliona nyuso za wenzangu zimebadilika: kicheko kilikuwa kimepata jibu lenye miguu minne. Alipokwisha kumchoma, bwana mifugo alimgeuza masikio, akaniambia kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anazungumza na mtu mzima, "Huu ni ukurutu. Si jini wala laana. Ni wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Mpake kibiriti upele kwenye mafuta, atapona." Kisha akapanda pikipiki yake, akaondoka.

Bibi mzaa baba alikuwa uani, anamenya mihogo. Alipotuona tukiingia, kisu kilisimama. Bibi yangu alikuwa na desturi ya kuniita mume wangu, kama bibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu zao wa kiume. Akiacha kuniita hivyo, mtu alijua kuna jambo.

"Hamisi. Umemtoa wapi huyo?"

"Bandani, Bibi. Ni wangu."

"Huyo ni mbwa wa mahame." Hakupaza sauti. "Mbwa aliyebaki mahame hali tena chakula cha watu. Hulishwa na waliolala chini. Nao jioni humpapasa mgongo, wanampapasa, wanampapasa, mpaka manyoya yote yanabaki mikononi mwao. Unaona? Ndiyo hayo. Sasa ukimleta hapa, watamkosa kule. Watamfuata. Na pale atakapolala yeye, pataota nyasi, patakuwa mahame."

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na bado sijaona maelezo ya ukurutu yaliyo mazuri kuliko hayo. Nakiri uzuri wake. Nilikiri hata wakati ule, maana nilimtazama mbwa mgongoni nikaziona alama za vidole. Lakini nilikuwa na mguu uliokaliwa, nao ulikuwa bado na joto.

"Bwana mifugo kasema ni wadudu, Bibi."

"Bwana mifugo kamzika nani Namikulo?"

Baba, aliyekuwa akipasua kuni, ndiye aliyeamua. Alisema mbwa alale nje, nyuma ya jiko, na mimi nikimgusa ninawe kama sheria inavyotaka: mara saba, na mojawapo kwa udongo. Bibi aliweka kata ya maji na kibuyu cha udongo kando ya mlango wa uani. Alipokasirika sana aliacha Kiswahili na kurudi kwenye Kimwera chake, na jioni ile hatukusikia Kiswahili.

Asubuhi nikaanza uganga wangu. Kibiriti upele: upele nilikuwa nao mbele yangu, umekaa unajikuna, kilichokuwa kikitakiwa ni kibiriti. Nikachukua viberiti vyote vilivyokuwa ndani, nikakwangua vichwa vya njiti kwa kisu, nikavisaga, nikavikoroga kwenye mafuta ya ufuta, nikampaka Mtachoka kutoka shingo hadi mkia. Alikuwa mwekundu na ananuka baruti. Viberiti wakati huo vilikuwa adimu. Duka la ushirika lilivigawa kwa foleni. Bibi alipotaka kukoka moto akakuta ganda tupu, akakuta jingine tupu, kisha akaniona mimi nimeshika kisu.

"Kichomeni kijiji basi!" akasema. "Si mmeshakileta kiberiti chenyewe, kina na mkia!"

Nilitumwa moto kwa jirani, na jirani akataka kujua kwa nini nyumba iliyopata viberiti juzi inaomba moto leo. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imezunguka kijiji, na wenzangu walinipisha njia wakiinua mikono. "Msimkaribie! Ataripuka!" Baba alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi alinieleza kwamba kibiriti upele si kiberiti cha kuwashia moto, bali ni unga wa njano unaouzwa na wauza dawa, na kwamba umeitwa hivyo kwa sababu ndiyo kazi yake. Safari yake ya kwanza ya Kilwa Masoko aliniletea fungu lake, limefungwa kwenye karatasi. Hakusema ni la mbwa. Aliliweka karibu na kata ya maji, akaenda zake kuoga.

Nikampaka kila siku. Nilimpaka kwa mikono yangu, nikanawa; nikamgusa, nikanawa; akanilamba, nikanawa. Maji, udongo, unga wa njano, maji tena. Si muda mrefu mikono yangu ikaanza kukauka, kisha kupasuka, kisha kubanduka ngozi kama karatasi. Na hapo kisa kilichokuwa kichekesho kikaacha kuchekesha. Chuoni, tulikosoma Kurani, watoto waliacha kukaa mkeka mmoja nami. Mama mmoja alimvuta binti yake kisimani nilipokaribia. "Imeshaanza," nilisikia akisema. "Yeye naye wanampapasa." Bibi aliitazama mikono yangu mbele ya taa, akaifunika kwa upande wa kanga yake, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Hakuniambia nilikuonya. Nadhani angeniambia, ningeumia kidogo zaidi, lakini ningeogopa kidogo kuliko nilivyoogopa.

Aliyenifungulia kifungo hicho ni Maalim wetu wa chuo. Alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyependa mashairi kuliko chakula. Baada ya darasa la Kurani aliwabakisha watoto wachache na kutufundisha kupima mizani kwa vidole, silabi kwa silabi, hadi mstari ukae sawa. Siku hiyo niliponyoosha vidole kuhesabu, aliiona mikono.

"Unanawa mara ngapi?"

"Kila ninapomgusa mbwa, Maalim. Mara saba, na udongo."

"Hata mkiwa wakavu nyote wawili?"

"Naam."

Maalim aliweka kitabu chini. "Nani aliyekupa sheria ngumu kuliko sheria? Mkavu kwa mkavu hapana najisi. Ni umajimaji wake ndio unaooshewa. Na ukitaka kumpaka dawa, funga kitambaa kwenye kijiti, umpake kwa kijiti. Dini haikukutuma ujichune." Kisha akawageukia wenzangu waliokuwa wamekaa mbali. "Na nyinyi, sogeeni. Mwenzenu anaumwa na usafi."

Mikono ilipona. Kwa kijiti na kitambaa nikaendelea, na Mtachoka naye akaanza kurudi katika umbile lake. Kwanza aliacha kujikuna mchana. Kisha magamba yakadondoka. Kisha siku moja nikapitisha kiganja mgongoni mwake, nikahisi kitu laini kama kichwa cha mtoto mchanga. Rangi yake ilikuwa ya sukari guru. Hakuna aliyeijua kabla. Nilimwita Bibi aje kuona. Alikuja, akasimama kwa mbali, akasema, "Wamemrudishia," na sikuweza kujua kama hiyo ilikuwa habari njema au mbaya. Lakini jioni ile aliniita mume wangu.

Laiti kisa kingeishia hapo, kingekuwa kisa cha ukurutu tu. Kilichokuja baadaye kilitokana na uzima wa yule mbwa, si ugonjwa wake.

Asubuhi kipande cha reli kilichotundikwa ofisini kiligongwa, na watu wote wenye nguvu wakatoka kwenda kulima shamba la kijiji. Walipita mbele ya nyumba yetu na majembe mabegani, kimya kimya, macho yana usingizi. Mtachoka, ambaye sasa alikuwa na afya, aliupenda msafara huo. Kila asubuhi aliuingia, akaenda nao, nami nikasimama barabarani kumrudisha, nikimwita kwa sauti ya kuvuta, kwa maana alisikia upesi zaidi nilipovuta:

"Mtachooooka! Mtachooooka wee!"

Siku ya kwanza walicheka. Siku zilizofuata walisubiri kwa hamu wafike kwetu. Kulikuwa na mama mmoja mnene, mwenye ulimi mwepesi, ambaye kila nilipoita alijibu bila ya kugeuka, "Tumeshachoka, baba!" na mstari mzima ukapasuka kwa kicheko hadi mwisho wa barabara. Sikuwa na maana yoyote. Nilikuwa naita mbwa.

Balozi wa nyumba kumi alikuja kwetu akiwa amevaa shati lake la mkutano. Nilimpa shikamoo, akaipokea nusunusu. Akamwambia Baba, "Ndugu, wewe ndiye uliyemtuma mtoto?"

"Nimemtuma nini, Ndugu Balozi?"

"Watu wanakwenda kujenga taifa, mwanao anawaimbia kwamba watachoka."

"Anamwita mbwa."

"Mbwa!" Balozi alicheka kwa uchungu. "Nani hapa asiyejua majina ya mbwa? Shemeji yangu kule Miteja ana mbwa anaitwa Mmeshindwa. Jirani yake akafuga wake, akamwita Bado Mapema. Wenyewe hawajasalimiana miaka, lakini wanazungumza kutwa kupitia mbwa. Jina la mbwa ni barua kwa jirani. Nani ameiandika hii?"

Hakuwa mjinga. Alichokisema ni kweli tupu. Ndiyo desturi yetu, na kila mtu alijua pia kwamba Baba alikuwa wa mwisho kukubali kuhama kule Namikulo. Kosa lake lilikuwa moja, nalo lilikuwa kosa la mtu mwenye kujua mengi: hakuweza kuamini kwamba barua haina mwandishi.

Mkutano ukaitwa alasiri, mbele ya ofisi ya kijiji. Nilikwenda nikiwa nimemshika Mtachoka kwa kamba ya katani, nikijua wazi kwamba mgambo aliyesimama pembeni amekuja kumchukua. Kwangu hapakuwa na jambo lingine duniani siku ile. Kama angechukuliwa, angeuawa. Na angeuawa baada ya kupona, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angekufa bandani.

Balozi alizungumza juu ya nidhamu, juu ya maneno ya kuvunja moyo. Watu waliinamisha vichwa. Nilikuwa mtoto, lakini niliona kwamba wengi wao hawakuwa wakifikiria jina. Walikuwa wakifikiria mahame. Mzee mmoja, jirani yetu, ndiye aliyelitoa: "Tusizunguke. Huyu mbwa ni wa kule. Tumeshahama mara moja kwa miguu yetu. Mkimwacha hapa atatuhamisha tena."

Balozi alitaharuki. Hilo hasa ndilo ambalo hakuweza kulikubali hadharani. Kumwua mbwa kwa sababu hiyo kungekuwa kukiri kwamba kijiji cha serikali kinaweza kuota nyasi. "Huo ni ushirikina!" akapaza sauti. "Hapa tunazungumzia jina!"

Ndipo Bibi aliposimama. Sikujua kama amekuja. Alijifunga kanga vizuri, akazungumza kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake.

"Habari ya mahame niliisema mimi. Niliisema nyumbani kwangu, kwa mjukuu wangu, kwa kuwa nampenda. Sikuisema ili mtu aende nayo ofisini akaulie. Mbwa huyu kala ugali wangu. Kalala nyuma ya jiko langu. Anayetaka kumwua asijifiche nyuma ya jina, wala asijifiche nyuma yangu. Ajitokeze aseme yeye anaogopa nini."

Hakujitokeza mtu. Balozi alijifuta jasho, akatafuta njia ya kutokea. "Hakuna anayeogopa. Basi mbwa abadilishwe jina, mambo yaishe."

"Mbwa hajifunzi jina kwa siku moja," akasema yule mzee. "Mtalibadilisha hapa, kesho asubuhi mtoto atamwita lile lile."

"Basi abadilishwe sasa hivi, na aitwe sasa hivi!" Balozi alinyoosha mkono kwa mgambo. "Akiitika, ni wake. Asipoitika, mchukueni. Haya, wewe mtoto. Jina."

Watu wote walinitazama. Nami, kwa kuwa sikujua la kufanya, nilifanya nililozoeshwa: nikaficha mkono nyuma ya kanzu, nikaanza kupima kwa vidole. M-ta-cho-ka. Mizani nne. Nilimjua mbwa wangu. Hakuwa akilisikia jina lote. Alikuwa akiisikia ile silabi ya tatu ninayoivuta, pale mkazo unapokaa. Palitakiwa jina lenye mizani nne, lenye "cho" pale pale. Nikatafuta kama nilivyotafuta kina siku zote, midomo ikitembea bila ya sauti, na mgambo alikuwa ameshapiga hatua alipofika neno.

"Hatuchoki," nikasema.

Balozi akalirudia, kwanza kwa mashaka, kisha kwa furaha iliyoongezeka. "Hatuchoki. Hatuchoki! Mmesikia? Mtoto mdogo huyu! Hilo ndilo jina la mbwa wa mjamaa!" Akawageukia watu kama kwamba yeye ndiye aliyelitunga. "Haya, mfungueni. Mpelekeni kule mwisho. Mwite."

Mgambo alimpeleka hadi kwenye lile banda la kuku, akafungua kamba. Mtachoka akaanza kunusa mlango aliofungiwa zamani. Nilivuta pumzi.

"Hatuchooooki!"

Aliinua sikio moja. Akatazama kundi lote, watu wazima wote waliokaa na majembe yao, kisha akaniona mimi. Akaja kwa mbio iliyoinua vumbi, akapita katikati ya Balozi na meza, akanikalia juu ya mguu.

Kelele iliyozuka pale sijaisikia tena katika mkutano wowote. Balozi alipiga makofi. Watu walipiga makofi pia, lakini yule mama mnene alikuwa ameuma ncha ya kanga yake, machozi yanamtoka, na nilipopita karibu yake akanong'ona, "Nasi hatuchoki, baba." Kwa jinsi alivyolisema nilielewa kwamba neno nililolitoa lilikuwa na pande mbili. Balozi alisikia kwamba hatuchoki kulima. Wengine walisikia kwamba hatuchoki kungoja siku ya kurudi.

Jioni Baba aliniuliza, "Umesema hatuchoki. Hatuchoki nini?"

"Sijui, Baba."

"Vizuri. Usijue," akasema. Akamtupia mbwa ngozi ya samaki.

Miaka ikapita. Amri zikalegea, watu wakaanza kurudi kwenye mikorosho yao. Kwanza kwa siku, wakati wa mavuno, kisha kwa msimu, kisha wakaacha kurudi barabarani. Paa moja likaezuliwa, likafuata jingine. Nyumba yetu haikuwa ya kwanza wala ya pili. Tulipoondoka, Hatuchoki alitangulia mbele ya Baba kwa njia ile ile ya ndani, manyoya yake mazito, na alizeekea Namikulo, akafia huko kwa uzee tu, kama mbwa mwingine yeyote. Sehemu ile ya kijiji tuliyokaa sasa ni nyasi. Ukilitafuta banda la kuku, utaona nguzo moja.

Kwa hiyo Bibi alisema kweli, wananiambia. Mbwa wa mahame alilala pale, na pale pakawa mahame. Bibi mwenyewe, kabla hajafariki, hakuwahi kujisifia hivyo hata mara moja. Nilipomuuliza alisema kwamba waliolala chini walikuwa wakimtafuta mbwa wao, nasi tukamrejesha, na huo ndio ulikuwa wajibu. Namheshimu kwa jibu hilo, ingawa silo langu.

Langu ni hili. Nimeishi na mnyama aliyebeba lawama ya watu wengi juu ya ngozi yake tupu, nikaona jinsi lawama hiyo ilivyokuwa na manufaa kwa kila mtu isipokuwa yeye. Aliyeogopa kusema ameichoka kazi alisema mbwa ana nuksi. Aliyeogopa kusema watu wamechoka alisema mbwa ana jina baya. Mimi sikuwa shujaa. Nilikuwa mtoto aliyekaliwa mguu. Lakini sitakubali, mpaka naingia kaburini, kwamba kilichokuwa juu ya mgongo wa yule mbwa kilikuwa kitu zaidi ya ukurutu.

Na anapotokea mtu kunishika mkono Kiranjeranje, akaniambia kwa kicheko kwamba mbwa wetu ndiye aliyekihamisha kijiji, simbishii. Namwuliza tu: na Namikulo, kabla yake, ilihamishwa na mbwa gani?

Huwa ananiuliza habari za korosho.